Mafunzo ya Kamera kwa Wanamichezo, Barabara ya Ngong: Asubuhi Haina Makali, Mchana Unalipa

Kampuni ndogo yenye ofisi katika Barabara ya Ngong, Nairobi, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina malalamiko kadhaa juu yake, huuza mafunzo ya siku moja kwa wanamichezo wanaotaka kujua namna ya kuzungumza mbele ya kamera. Ada ni shilingi 6,000 kwa kila mtu, chai na chakula cha mchana vikiwemo, na kikundi kimoja hakizidi watu 15. Niliwapeleka huko baadhi ya wachezaji wa klabu ya soka ninayoitumikia kama meneja wa timu, wa kikosi cha wanaume na cha wanawake, kwa sababu mechi zetu zimeanza kupeperushwa mtandaoni na mdhamini wetu mpya ameweka katika mkataba kifungu kinachomruhusu kujiondoa iwapo mchezaji atamletea aibu. Kifungu chenyewe ni kifupi sana, lakini ndicho kilichoninyima usingizi kuliko vingine vyote.

Mahitaji ya huduma ya namna hii hayakuzuka hivi hivi. Tangu Kenya iandae fainali za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, mwezi Agosti 2025 kwa pamoja na Uganda na Tanzania, mchezaji wa ligi ya nyumbani, ambaye zamani alihojiwa na redio mara moja moja, amezoea kuzingirwa na vipaza sauti na simu mara tu kipenga cha mwisho kinapolia. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 nalo limepangiwa nchi hizi hizi tatu, na hakuna klabu Nairobi isiyoota kwamba kijana wake mmoja ataitwa katika timu ya taifa, Harambee Stars. Kijana huyo akiitwa, maneno yake yote ya nyuma yataitwa pamoja naye.

Kipindi cha asubuhi kinaongozwa na mwanahabari mstaafu wa michezo, mtu mwenye sauti nzito na subira nyingi, ambaye wachezaji walimzoea upesi wakawa wanamwita mwalimu. Aliwafundisha kusimama mbele ya bango la wadhamini bila kuliziba, kutema chingamu kabla ya kufungua kinywa, kusikiliza swali hadi mwisho na kulijibu kwa sentensi tatu. Kuhusu desturi yetu ya kuanza kila jibu kwa kumshukuru Mungu, kisha kocha, kisha wachezaji wenza, kisha mashabiki, aliwaruhusu wamshukuru Mungu lakini wapunguze foleni ya wanaofuata. Yote hayo ni mambo ya kweli na yenye manufaa, ingawa kocha yeyote mwenye akili angeweza kuyasema bure baada ya mazoezi.

Aliposogea kwenye mizaha iliyowaponza wanamichezo, chumba kilichangamka. Alianza na Chris Gayle, mchezaji wa kriketi kutoka Jamaica, ambaye Januari 2016, akihojiwa mubashara na mwanahabari Mel McLaughlin kando ya uwanja huko Australia, aliliacha swali la mchezo, akamsifia macho, akamkaribisha wakanywe pamoja na kumwambia asione haya. Klabu yake, Melbourne Renegades, ilimtoza faini ya dola 10,000 za nchi hiyo. Kisha akamleta Cam Newton wa mpira wa Kimarekani, ambaye Oktoba 2017 aliulizwa swali la kiufundi na mwanahabari wa kike, akatabasamu na kusema kwamba inachekesha kumsikia mwanamke akizungumzia mambo hayo, na kampuni ya maziwa ya Dannon ikaachana naye. Wachezaji wetu wa kike walikuwa wa kwanza kutoa maoni hapo, na mwalimu aliwapa nafasi bila kuwakatiza, jambo ambalo nililipenda.

Tatizo langu na asubuhi hiyo ni kwamba ilijengwa yote juu ya mahojiano rasmi, yale ya kipaza sauti na bango, kana kwamba huko ndiko hatari ilikojificha. Sidhani kwamba ndivyo ilivyo. Ukiyatazama kwa makini matukio yaliyotikisa michezo katika miaka ya karibuni, utaona kwamba mwanamichezo hujikwaa ulimi hasa pale anapojiona yuko miongoni mwa watu wake, amejilegeza, na wanaomsikiliza wanacheka. Februari 2020, mwanasoka wa Uingereza Dele Alli alikuwa amekaa tu katika uwanja wa ndege wa Heathrow akisubiri safari alipochukua simu akamrekodi msafiri mmoja mwenye sura ya Kiasia na kufanya mzaha juu ya virusi vya korona. Shirikisho la Soka la Uingereza lilimfungia mechi moja na kumtoza pauni 50,000. Julai 2024, baada ya Argentina kutwaa Copa América, mchezaji wake Enzo Fernández alirusha mubashara kupitia simu yake shangwe za ndani ya basi la timu, ukasikika wimbo wa kuwadhihaki wachezaji wa Ufaransa wenye asili ya Afrika, na mwenzake wa Chelsea, Wesley Fofana, akaulaani hadharani kuwa ni ubaguzi wa rangi. Hakuna mwanahabari aliyeuliza swali lolote katika visa hivyo viwili.

Hata pale mwanahabari alipokuwepo, hali ilikuwa ya barazani. Rodrigo Bentancur, Juni 2024, alikuwa anazungumza na televisheni ya kwao Uruguay, kwa lugha ya kwao, alipoombwa jezi ya mwenzake wa Tottenham, Son Heung-min, akajibu kimzaha kwamba hata ya binamu yake Son ingefaa kwa kuwa wote wanafanana. Adhabu ilifika Novemba: mechi saba na pauni 100,000, na rufaa ya klabu kuhusu urefu wa kifungo hicho ikakataliwa. Wachezaji wa kriketi Hardik Pandya na KL Rahul wa India walikuwa kwenye kochi la kipindi cha mazungumzo ya burudani, mtangazaji akicheka nao, Pandya alipowazungumzia wanawake kwa namna iliyomfanya yeye na Rahul waondolewe katika ziara ya timu ya taifa Australia Januari 2019 na baadaye kila mmoja atozwe faini ya rupia milioni 2. Mtu aliyefundishwa kujihadhari na mwanahabari mkali hajafundishwa lolote kuhusu mwanahabari mcheshi, na huyo wa pili ndiye anayepaswa kuogopwa.

Kisa ambacho kingewafaa wachezaji wetu kuliko vyote hakikutajwa kabisa, ikanibidi nikiombe. Ni kile cha video iliyorekodiwa Japani mwaka 2019 wakati Barcelona ilipokuwa katika ziara, ambapo Ousmane Dembélé aliwadhihaki mafundi wa hoteli waliokuja kurekebisha televisheni chumbani, naye Antoine Griezmann akawa anacheka kando yake. Video hiyo ilikaa kimya karibu miaka miwili ikaibuka Julai 2021, na Konami, kampuni ya Kijapani ya michezo ya video, ikavunja mkataba wa ubalozi wa Griezmann. Aliyesema maneno ni mmoja, na aliyepoteza mkataba huo ni yule aliyecheka. Nilipokieleza kisa hicho mle chumbani, mlinda lango wetu, ambaye huwa hasemi neno lakini hucheka kila utani wa kikosi, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kilichoyaokoa mafunzo haya, na kilichonifanya niandike tathmini hii badala ya kudai fedha zetu, hakimo katika ratiba yao iliyochapishwa. Kampuni ina kijana mmoja mpiga picha ambaye asubuhi nzima alikuwa akishughulika na taa na nyaya. Wakati wa chakula cha mchana, wachezaji wakiwa na sahani za pilau ukumbini, alitoa simu yake ya kawaida akaanza kuzunguka akiwahoji kwa masihara, kama wafanyavyo vijana wa mitandao wa klabu zetu. Winga wetu wa kushoto, ambaye asubuhi alijibu maswali yote kwa adabu ya padri, alishika kijiko kama kipaza sauti, akaiga lafudhi ya kocha wa timu pinzani kutoka magharibi mwa nchi, kisha akaulizwa anaionaje timu yetu ya wanawake. Akasema wanacheza vizuri sana, hasa siku ambazo wamemaliza kusonga ugali mapema. Ukumbi ukaangua kicheko.

Saa nane na nusu video hiyo ikaonyeshwa ukutani. Mara ya kwanza walicheka tena, ila vicheko vilikuwa vichache, kwa sababu picha ilipopanuka ilionekana kwamba nahodha wa timu ya wanawake alikuwa amepita nyuma ya winga akiwa na sahani mkononi, akasimama kidogo, halafu akaendelea. Kisha kijana yule akafanya jambo ambalo nadhani lilikuwa na thamani ya ada nzima: akaikata video mbele yao hadi ikabaki sekunde sita, akaondoa swali lake mwenyewe, akaondoa vicheko vya wenzake, na chini yake akaandika jina la klabu, jina la mchezaji na jina la mdhamini wetu. Alichukua muda mfupi kuliko ule wa kumenya chungwa. Mzaha uliokuwa wa mezani, wenye mwanzo, mwisho na watu walioucheka, ukawa tamko la mwanamume mmoja juu ya wanawake, limetolewa chini ya nembo ya kampuni inayotulipia jezi. Winga alisema alikuwa anacheza tu, na hakuna aliyempinga, lakini hakuna pia aliyemwambia kwamba hilo lingemsaidia.

Nina neno moja la lawama hapo. Wachezaji hawakuarifiwa kwamba wangerekodiwa wakati wa chakula, wala hawakutia saini kibali chochote. Kijana yule aliifuta video mbele yetu sote baada ya kipindi, nami nilihakikisha, ila kampuni inayofundisha watu kujilinda na kamera inapaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa kuhusu rekodi zake yenyewe.

Upungufu mkubwa zaidi ni ukimya wao kuhusu ukabila. Slaidi zilitupeleka Australia, Marekani na Uingereza, lakini hapakuwa na hata moja kuhusu mzaha ambao mchezaji wa Nairobi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuutoa, yaani ule wa lafudhi, chakula, ubahili au tohara ya kabila la mwenzake. Nilipouliza, mwalimu alisema jambo hilo ni nyeti, akaendelea mbele. Unyeti huo ndio ulikuwa sababu ya kulizungumzia. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, inaharamisha matamshi ya chuki ya kikabila na kuweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Siamini kwamba kila anayeiga lafudhi ya jirani yake anastahili kufikishwa mahakamani, na singependa kuishi katika nchi ya namna hiyo. Hata hivyo mchezaji anapaswa kujua mpaka uko wapi kabla hajaambiwa na wakili.

Hapo pia ndipo utamaduni wetu wenyewe ungeweza kutumika kufundishia kuliko slaidi za kununua. Utani kwetu una watu wake. Babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji, na jamii fulani zina utani wa tangu enzi za mababu. Hata pambano la Gor Mahia na AFC Leopards tunaliita Debi ya Mashemeji, na maneno yanayorushwa siku hiyo yangemfanya mgeni adhani ni vita. Kinachoufanya utani huo uvumilike ni kwamba anayetaniwa yupo, anajulikana, na ana haki ya kujibu papo hapo, tena kwa ukali uleule. Simu inapoingia kati, anayetaniwa anakuwa mtu asiyekuwepo, au maelfu ya watu wasiokuwepo, na hawana mahali pa kujibia isipokuwa kwa hasira. Winga wetu na nahodha wa wanawake wana utani wao wa siku zote, na kwa kweli nahodha ndiye humtania mwenzake zaidi. Lakini mtazamaji wa sekunde sita hajui habari hiyo na hana sababu ya kuijua.

Kuhusu hasira yenyewe ya umma, mafunzo yaligusia kidogo, na yaligusia vibaya. Walipewa kielelezo cha kuomba radhi kilichoandikwa tayari, chenye nafasi ya kujaza jina, na ndani yake maneno yale yale ya kumwomba radhi yeyote aliyekwazika. Wakenya mtandaoni wanaitambua barua ya kampuni kabla hawajamaliza mstari wa kwanza, na radhi ya namna hiyo huwapa kitu cha pili cha kucheka. Bentancur angefaa tena kama mfano hapa: radhi yake ya kwanza aliiweka Instagram katika sehemu ambayo chapisho hutoweka baada ya saa 24, ikasemwa sana, akalazimika kuandika nyingine. Alipofika mbele ya tume iliyosikiliza mashtaka yake alijitetea kwamba alikuwa anamkejeli mwanahabari, utetezi ambao haukupatana na radhi aliyokwisha kuitoa. Son mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba wamezungumza na mambo yameisha kati yao, lakini mashtaka yaliendelea, kwa sababu aliyekosewa hakuwa Son peke yake. Huko Argentina, baada ya wimbo ule wa basini, mambo yalikwenda upande mwingine kabisa, ambapo afisa wa serikali wa michezo, Julio Garro, alipoteza kazi kwa kusema kwamba Lionel Messi angepaswa kuomba radhi kwa niaba ya timu. Mchezaji anahitaji kuelewa kwamba umma hauna sauti moja: kuna walioumia kweli, kuna wanaomtetea kwa kuwa ni wa timu yao, na kuna wanaofukua machapisho yake ya tangu shule ya upili kwa sababu tu jioni ni ndefu. Radhi huandikiwa kundi la kwanza.

Kwa wakimbiaji, huduma hii bado haijakomaa. Wengi wa wanariadha wetu ni waajiriwa wa polisi, jeshi au magereza; Ferdinand Omanyala, kwa mfano, ni afisa wa polisi. Katika soka pia tuna Ulinzi Stars ya jeshi na Kenya Police FC, mabingwa wa ligi wa msimu wa 2024/25. Mtu aliyevaa sare anajibu kwa mwajiri wake kabla ya kujibu kwa shirikisho au mdhamini, na mafunzo hayakusema chochote kuhusu jambo hilo.

Jambo jingine ambalo halikuguswa linatuhusu sisi viongozi. Klabu nyingi za Nairobi sasa zina kijana wa mitandao anayepimwa kwa idadi ya watazamaji, naye ndiye anayemfuata mchezaji katika chumba cha kubadilishia nguo na kumwomba aseme kitu cha kuchekesha. Sisi wenyewe tunaagiza vichekesho, kisha tunamwadhibu mchezaji kwa kuchekesha. Kijana wetu wa mitandao hakuwa kwenye orodha ya walioalikwa, na hakuna mtu katika kampuni hiyo aliyeuliza iwapo tunaye.

Kwa anayetaka kujiandikisha, ukumbi ni safi, maegesho ni ya shida, pilau ni nzuri, na risiti ya kodi hutolewa bila kuombwa mara mbili. Wachezaji wenye umri usiopungua miaka 18 ndio wanaopokewa moja kwa moja. Wadogo zaidi huhitaji barua ya mzazi na mwalimu wa shule. Vyeti vinavyotolewa jioni havina uzito wowote kwa shirikisho, lakini wachezaji walipiga navyo picha kwa furaha, na sikuona sababu ya kuwaharibia. Kama klabu yako haijawahi kumpa mchezaji hata neno moja kuhusu kamera, ada hiyo haitapotea bure. Kama tayari mna kocha anayejua kuzungumza, fikeni baada ya chakula.

Nimewaandikia kuomba kipindi cha nusu siku kitakachofanyika ndani ya basi letu baada ya mechi, simu zikiwa mikononi, kijana wa mitandao na makocha wakiwemo, na saa moja nzima ikitengwa kwa mizaha ya kikabila. Wakikubali, nitakilipia kikosi cha vijana pia kwa ada ileile. Wakisisitiza kutuuzia asubuhi yao pamoja na mchana, nitamtafuta yule mpiga picha peke yake.